Maelezo ya Wauzaji wa Bunduki za Kale za Kijeshi kwenye Minada ya Mtandaoni: Yaaminiwe Kiasi Gani?

Anayenunua bunduki ya kale ya kijeshi mnadani mtandaoni hana nafasi ya kuishika. Anachopewa ni picha chache na maelezo ya muuzaji. Haya ni mapitio ya hayo maelezo, na hukumu yetu tunaitoa mapema: kama huduma, yana alama ya chini. Si kwamba kila muuzaji ni tapeli. Wengi wamerithi silaha wasiyoijua, wakanakili maneno ya tangazo lingine lenye picha inayofanana. Lakini kosa la kutojua na kosa la makusudi humgharimu mnunuzi kiasi kilekile, na yote mawili hugunduliwa kwa njia moja: kupima, kusoma mihuri, na kudai picha za sehemu ambazo muuzaji hakuzipiga.

Chukua tangazo la aina inayojirudia sana: “Bunduki halisi ya gumegume, TOWER, ilipigana Waterloo, ni ya kale haihitaji kibali, hali nzuri sana, imetoka darini kwa familia.” Gumegume ni bunduki inayowashwa kwa cheche za jiwe. Tangazo lenyewe ni mstari mmoja tu, lakini umebeba madai sita, na kila dai lina mahali pake pa kukaguliwa.

TOWER na Waterloo

Neno TOWER kwenye bamba la mtambo halina maana kwamba bunduki iliundwa ndani ya ngome ya Tower ya London. Board of Ordnance, bodi ya silaha ya Uingereza, ilinunua mitutu na mitambo kwa mafundi mbalimbali, wengi wao wa Birmingham, ikavikagua na kuviunganisha kwa viwango vyake. Neno hilohilo liligongwa pia kwenye bunduki za biashara na za kuuzwa nje ambazo hazikuingia jeshini hata siku moja. Kinachotenganisha ni alama za ukaguzi: herufi GR chini ya taji, taji dogo lenye mshale mpana chini ya kibakuli cha baruti, na mihuri ya majaribio juu ya mtutu upande wa nyuma. Bamba lenye TOWER tupu, bila taji wala mshale, ni la kuulizwa maswali.

Mwaka nao husaidia, ila kwa namna iliyo kinyume na wengi wanavyodhani. Mwaka 1764 Bodi iliacha kugonga jina la fundi na mwaka kwenye mitambo yake ya gumegume. Kwa hiyo “TOWER 1795” ambayo muuzaji anaionyesha kama ushahidi ni sababu ya kusita. Na “GRICE 1762” iliyogongwa safi kwenye mtutu wa inchi 42 itazamwe kwa uangalifu zaidi, kwa maana ndiyo maandishi ambayo kiwanda cha Pedersoli cha Italia huyaweka kwenye nakala yake ya Brown Bess, bunduki ya kawaida ya askari wa miguu wa Uingereza enzi hizo.

Kuhusu Waterloo, mapigano yaliyommaliza Napoleon wa Ufaransa, anza na futi ya kupimia. Brown Bess ya Long Land ilikuwa na mtutu wa inchi 46 (sentimita 117), Short Land inchi 42 (sentimita 107), na India Pattern inchi 39 (sentimita 99). India Pattern ndiyo Bodi iliyoipokea mwaka 1797 kwa sababu vita na Ufaransa vilikuwa vinakula silaha kuliko zilivyotengenezwa, na ndiyo iliyokuwa mikononi mwa askari wengi wa miguu wa Uingereza siku ya Waterloo, tarehe 18 Juni 1815. Tangu 1809 nyundo yake ilibadilishwa kutoka shingo nyembamba iliyopinda na kuwa shingo yenye tundu katikati, iliyo imara zaidi. Mtutu upimwe kwa nje, kutoka mdomoni hadi unapokutana na mkia wake wa skrubu. Muuzaji asiyetaja kipimo hicho akaandika “Waterloo” ameandika matumaini.

Kuna pia simba. Bunduki za East India Company zilikuwa na alama ya moyo uliogawanywa hadi 1808, kisha simba aliyesimama ameshika taji. Ni silaha nzuri, mara nyingi za ubora wa juu, lakini zilikuwa mali ya kampuni na kazi yake ilikuwa India. Tangazo la Waterloo lililo chini ya picha ya simba linajikanusha lenyewe, na bado hupata watia dau.

Dai la “Sea Service”, yaani bunduki ya jeshi la majini, lipimwe vilevile. Mitutu hiyo ilikuwa ya inchi 37 au inchi 26. Bunduki ya inchi 31 inayoitwa ya majini kwa kawaida ni India Pattern iliyokatwa na mwindaji au mkulima baada ya jeshi kuiuza. Hesabu mirija inayoshika mdeki (fimbo ya kushindilia) chini ya mbao: India Pattern kamili ina mitatu. Ikikatwa, mmoja hupotea au nafasi kati yao hukosa uwiano, na kile kipande cha chuma cha kushikia singe karibu na mdomo huwa hakipo au kimelehemiwa upya.

“Halisi ya gumegume”

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na hapa ndipo pa kukaa zaidi.

Katika karne ya 19 majeshi mengi yalibadilisha bunduki za gumegume ziwe za fataki, yaani kikofia kidogo kinacholipuka kikipigwa na nyundo. Baadaye wakusanyaji walipoanza kulipa zaidi kwa gumegume, mafundi wakazirudisha zilikotoka: wakaziba, wakalehemu, wakafunga nyundo na kibakuli kipya. Bunduki iliyorudishwa si takataka, na ikiandikwa wazi ina soko lake. Ubaya ni pale tangazo linaposema “gumegume ya asili” ilhali nusu ya mtambo ni ya juzi. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni kubwa mno kuachwa ipite.

Ili ujue pa kutazama, lazima ujue ubadilishaji wa kwanza ulifanywaje. Njia ya kwanza ilikuwa kupanua kitundu cha moto ubavuni mwa mtutu na kukaza ndani yake pipa dogo la chuma lenye chuchu ya kukalia fataki. Ya pili, iliyopendwa na maghala ya serikali ya Marekani kwa bunduki za muundo wa 1816, ilikuwa kuziba kitundu cha ubavuni, kutoboa juu ya mtutu na kukaza chuchu moja kwa moja hapo. Ya tatu ilikuwa kubandika au kufunga kipande kipya kabisa nyuma ya mtutu. Kila njia huacha kovu lake.

Kwa njia ya pili, tazama juu ya mtutu, sentimita chache mbele ya mkia. Omba picha yenye mwanga unaotoka ubavuni, si juu. Tundu lililozibwa na kusawazishwa huonekana kama kivuli cha mviringo: rangi ya chuma ni tofauti kidogo, na vishimo vya kutu vinavyoendelea kwingine vinakatika pale. Kwa njia ya kwanza, tazama kitundu cha moto chenyewe. Kitundu kilichofanya kazi kweli huwa kimelika na moto, kingo zake ni butu na chuma kinachokizunguka kina vishimo vidogo vya gesi na baruti. Kitundu cha duara safi, chenye kingo kali, kwenye mtutu uliojaa makovu ya kutu, kimetobolewa na drili ya umeme. Ukiona mviringo mkubwa hafifu unaokizunguka, hiyo ni kuziba kwa pipa la zamani.

Bamba la mtambo hutoa ushahidi mkubwa kuliko mtutu. Wakati wa kubadilisha kwenda fataki, kibakuli kilikatwa, na matundu ya skrubu za kile chuma kinachopigwa na jiwe, pamoja na springi yake, yakazibwa. Maghala ya Marekani yalikata kibakuli cha shaba ya njano na kukiacha kipande chake kikijaza pengo kwenye bamba. Fundi anayerudisha hutoboa upya, na mara nyingi tundu jipya halilingani kabisa na la zamani. Upande wa nje hung’arishwa. Upande wa ndani huachwa. Ndiyo maana picha ya ndani ya mtambo ina thamani kuliko picha kumi za nje.

Mwisho, linganisha ngozi za vyuma. Bamba, nyundo, kibakuli na chuma cha cheche vilizeeka pamoja, kwa hiyo kutu yao ifanane. Nyundo laini juu ya bamba lenye vishimo imetoka kwingine. Vyuma vya siku hizi vilivyomiminwa kwenye kalibu huwa na vitundu vidogo kama vya sindano, na kwenye mikunjo utaona mstari wa kalibu ambao tupa haikufika. Chuma cha cheche kilichotumika kina mikwaruzo ya wima iliyochimbwa na jiwe. Kisicho na mikwaruzo hiyo kwenye bunduki “iliyopigana” kinahitaji maelezo.

Kama muuzaji ana mkono mzuri, anaweza kuutoa mtambo bila madhara: nyundo ikae kituo cha nusu, skrubu mbili za ubavuni zilegezwe mizunguko michache, kisha vichwa vyake vigongwe taratibu kwa mpini wa mbao hadi bamba lisogee lenyewe. Anayelichokonoa kwa bisibisi pembeni hubandua mbao, na bisibisi isiyojaa mfereji wa skrubu huuharibu. Kama hajui, asiguse. Afadhali kukosa picha kuliko kununua mbao iliyopasuliwa wiki hiyo kwa ajili yako. Na usimwombe atoe mtutu wa Brown Bess. Umeshikwa na pini nyembamba zinazopita kwenye mbao, na mbao hizo hupasuka kirahisi.

Miaka inayosomwa vibaya

Kosa jingine la kila siku ni kusoma mwaka ulioandikwa kwenye chuma kama mwaka wa kuzaliwa. Bastola ya Remington New Model Army huuzwa kama “ya 1858” kwa sababu mtutu wake umeandikwa Sept. 14, 1858. Hiyo ni tarehe ya hataza, yaani ya kusajiliwa kwa uvumbuzi. Bastola yenyewe ilitengenezwa kati ya 1863 na 1875.

Bunduki ya Springfield ya Marekani yenye 1863 kwenye bamba huitwa moja kwa moja “Model 1863”. Inaweza kuwa Model 1861 iliyotengenezwa mwaka huo. Tofauti iko kwenye kile kivimbe cha chuma kinachobeba chuchu: cha Model 1861 kina skrubu ndogo ya kusafishia ubavuni, cha Model 1863 hakina. Mtutu wa zote mbili ni inchi 40, na upande wa kushoto nyuma lazima uwe na mihuri ya majaribio: V, P na kichwa cha tai. Pakiwa patupu, uliza ni nini kilichopiga msasa pale.

Bunduki za Trapdoor za Marekani za 1873 huuzwa sana kwa jina la Custer, kamanda wa Marekani aliyeuawa Little Bighorn. Mapigano ya Little Bighorn yalikuwa tarehe 25 Juni 1876, na wakusanyaji huhesabu kwamba karabini (bunduki fupi za askari wa farasi) zenye namba chini ya karibu 43,700 ndizo zilizokuwa zimeshatengenezwa. Wauzaji wanaijua namba hiyo, na waghushi pia. Wanachofanya ni kutafuta raifo ndefu yenye namba ndogo na kuikata. Mtutu wa raifo ni inchi 32 na 5/8, wa karabini ni inchi 22. Kinachowafichua ni mbao: ya karabini ina pete na nondo yake ubavuni kushoto na haina mfereji wa mdeki, ilhali mbao ya raifo iliyokatwa ina mfereji uliojazwa kipande na nafasi za springi za pete zilizozibwa. Omba picha ya chini ya mbao kutoka pete ya mbele hadi mdomoni. Muuzaji akikupa tena picha ya namba badala yake, achana naye.

Martini-Henry, bunduki za jeshi la Uingereza, nazo zina hadithi yake. Mapigano ya Waingereza na Wazulu ya Isandlwana na Rorke’s Drift yalikuwa Januari 1879. Mark IV, ile yenye mkono mrefu chini, ilipitishwa 1888, hivyo haiwezi kuwa “ya vita vya Wazulu” hata muuzaji aape. Lakini usikimbilie kuita bandia Mark IV yenye 1886 au 1887, kwa sababu nyingi zilitokana na bunduki za Enfield-Martini za kipenyo cha inchi .402 zilizobadilishwa kabla ya kupewa askari.

Bandia za kweli za aina hii ni zile za Khyber Pass, zilizofuliwa kwa mkono katika karakana za mpakani kati ya Afghanistan na ile iliyokuwa India ya Waingereza, hasa Darra Adam Khel. Mafundi walinakili mihuri bila kusoma Kiingereza, na makosa yao yanajitangaza: N iliyogeuzwa, herufi zisizosimama sawa, ENFIELD iliyokosewa, na V.R. ya Malkia Victoria pamoja na mwaka kama 1907. Malkia alifariki Januari 1901. Ni vitu vyenye historia yake halali. Tunachokataa ni kuviuza kama silaha za kiwanda. Zaidi ya hapo ni hatari: chuma chake hakina viwango, na hakuna anayepaswa kupiga risasi nazo.

Kutoka Nepal kuna kundi jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ghala kubwa la silaha za kale la Kathmandu lilinunuliwa na kupelekwa Marekani, na humo mlikuwa na bunduki za Uingereza pamoja na zilizotengenezwa Nepal kwa mfano wake. Za Nepal mara nyingi zina maandishi ya Devanagari, hati inayotumika Nepal. Ile iitwayo Gahendra kwa nje hufanana sana na Martini-Henry, lakini mtambo wake wa ndani unafuata mfumo wa kampuni ya Westley Richards ya Uingereza. Ikiuzwa kwa jina la Gahendra ni sawa kabisa. Ikiuzwa kama Martini-Henry ya Uingereza, muuzaji ama hajui ama anategemea wewe usijue.

“Ya kale, haihitaji kibali”

Hili ndilo dai pekee linaloweza kukufikisha mahakamani, na wauzaji hulitupa kirahisi kuliko yote. Marekani, sheria ya Gun Control Act ya 1968 huhesabu kuwa ya kale silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Inatazama mwaka wa kutengenezwa, si wa muundo: bunduki ya Kirusi ya Mosin ya muundo wa 1891 iliyotoka kiwandani 1915 haimo. Na ndani ya tafsiri hiyohiyo wamo pia nakala za bunduki za gumegume na za fataki zisizotumia risasi za ganda. Hivyo kitu kilichotengenezwa mwaka jana kinaweza kuorodheshwa kihalali katika kundi la silaha za kale, na mnunuzi akadhani ameambiwa umri.

Uingereza ilibadilisha kanuni zake tarehe 22 Machi 2021. Aina saba za risasi ziliondolewa kwenye orodha ya zile zilizopitwa na wakati, miongoni mwao .320 British, .442 Revolver, .44 Smith & Wesson Russian na 11 mm ya bastola ya Ufaransa ya 1873. Maelezo yaliyonakiliwa kutoka tangazo la kabla ya hapo bado huiita bastola ya .442 “huru”. Ufaransa huanza na mwaka wa muundo, kabla ya tarehe 1 Januari 1900, na kuna silaha zilizotolewa kwenye nafuu hiyo. Sheria inayokuhusu ni ya mahali bunduki itakapofikia, pamoja na kila mpaka itakaopita, na muuzaji hana mamlaka ya kukusomea.

Nakala zilizofutwa jina

Parker-Hale wa Birmingham alitengeneza nakala nzuri sana za bunduki ya Enfield ya Uingereza, na viwanda vya Italia vimetengeneza karibu kila bunduki na bastola maarufu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Zikitumika na kuachwa kwenye unyevu, huzeeka vizuri. Mghushi hufuta jina la kiwanda kwa tupa, na tupa huacha bonde. Weka jicho usawa wa mtutu: mstari wa mwanga unaoteleza juu ya chuma ukizama mahali fulani, hapo palikuwa na maandishi. Mihuri ya Italia hugongwa sehemu kadhaa, na mara nyingi mmoja husahaulika chini ya mtutu: PN ya baruti nyeusi, nyota na nembo ya mji wa Gardone, au herufi mbili ndani ya kisanduku zinazotaja mwaka wa majaribio. Herufi hizo mbili zilianza kutumika katika miaka ya 1970. Muhuri wa ELG ndani ya yai ni wa Liège, Ubelgiji, na ukiwa na taji juu ni wa 1893 au baadaye. Huwa tunauona kwenye matangazo ya “bunduki ya Kiingereza”.

Zile zinazotengenezwa India siku hizi huuzwa nyingi bila kitundu cha moto ili zisafirishwe kama mapambo. Mbao zake si mjozi bali mbao ngumu nzito nyekundu zilizopakwa rangi ya giza, na skrubu zake zina meno ya milimita. Za mapambo kabisa, za zamak (mchanganyiko wa zinki), hazishiki sumaku. Swali moja la sumaku humaliza mjadala.

Hali ya bunduki

NRA, chama cha wamiliki wa bunduki cha Marekani, kina viwango vya hali kwa silaha za kale, na wauzaji hutumia majina yake bila masharti yake. “Excellent” hudai sehemu zote za asili na zaidi ya asilimia 80 ya rangi ya kiwandani. “Very Good” bado hudai sehemu zote za asili, ingawa rangi inaweza kuwa imekwisha kabisa, na kingo za chuma ziwe kali. “Good” huruhusu sehemu ndogo zilizobadilishwa, chuma kilichosafishwa au kupakwa upya, na mbao iliyopigwa msasa. Kwa hiyo bunduki iliyong’arishwa kwa brashi ya waya haiwezi kupita “Good” hata ing’ae kama kioo, na “hali nzuri sana” ya muuzaji mara nyingi ni daraja mbili chini.

Msasa hutambulika mahali mbao inapokutana na chuma. Kiwandani mbao iliachwa usawa na bamba au juu kidogo. Chuma kikiwa kimesimama juu ya mbao, mbao imepungua. Na hapo ukikuta muhuri wa mkaguzi umekaa wazi kabisa, umegongwa baada ya msasa. Kanuni hiyo inafaa kwenye chuma pia. Kutu hula herufi. Herufi ya zamani hukatika inapofika kwenye kishimo. Herufi inayoshuka ndani ya kishimo na kingo zake bado kali iligongwa juu ya kutu. Alama nyingi za “C.S.A.” (majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani) na namba nyingi za vikosi maarufu hufa kwa jaribio hili moja.

Na dari la familia? Barua ya urithi ina thamani pale tu inapoifunga bunduki hii na si nyingine. Springfield ya 1861 haina namba ya mfululizo, wala Brown Bess, hivyo barua inayosema “bunduki ya babu” bila kutaja ufa, jina lililochongwa au alama ya pekee inaweza kuhamishiwa bunduki yoyote.

Kabla ya dau, na baada ya kufika

Picha za kuomba ni hizi: bunduki nzima pande zote mbili ikiwa na futi kando yake, juu na kushoto mwa nyuma ya mtutu, mdomo wa mtutu uso kwa uso, mtambo kwa mwanga wa ubavuni, na ndani yake ikiwezekana, chini ya mbao kwa urefu wote, bamba la kitako. Uliza pia kama kifyatulio kinaiachia nyundo ikiwa kwenye kituo cha nusu. Haipaswi. Asijaribu kwa nguvu, aseme tu. Jibu lije kwa maandishi ndani ya mfumo wa mnada, kwa kuwa ndilo litakalosomwa ukidai fedha zako.

Piga hesabu kamili. Dau la 1,000 lenye ada ya mnunuzi ya asilimia 25 na kodi ya asilimia 20 juu ya ada hiyo ni 1,300 kabla ya usafiri. Soma kifungu cha bidhaa za kughushi: nyumba nyingi za mnada husema maelezo ni maoni tu, ila hurudisha fedha kwa kitu kilichoghushiwa makusudi, ndani ya muda uliotajwa. Uingereza, mnada wa mtandaoni pekee ambao hakuna anayeweza kuhudhuria ukumbini hauhesabiwi kuwa mnada wa hadhara chini ya kanuni za 2013, kwa hiyo ukinunua kwa mfanyabiashara unaweza kuwa na siku 14 za kubatilisha. Wengi hawaitumii haki hiyo kwa kuwa tangazo limeandika “hakuna kurudisha”.

Bunduki ikifika, usiguse kifyatulio. Zinazojazwa mdomoni huuzwa zikiwa bado na risasi na baruti mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, na baruti nyeusi iliyokaa kavu huwaka hata baada ya zaidi ya karne. Chukua fimbo ya mbao au ya shaba, si ya chuma. Iingize hadi igote, weka alama mdomoni, itoe uilaze juu ya mtutu kwa nje. Ncha inapaswa kufika karibu na kitundu cha moto au chini ya chuchu. Ikiishia sentimita nne au tano kabla, kuna kitu ndani. Usiigonge wala usiichimbe. Mimina mafuta mepesi kupitia kitundu, iache ikiwa imeelekezwa mahali salama, na mwite fundi wa silaha mwenye leseni. Kisha piga picha ya fimbo na alama yake, uitume kwa mnada siku hiyohiyo pamoja na nakala ya tangazo lililosema “imekaguliwa, salama”.